Kikombe Kimoja, Vifua Vinane

Sajini Mii Tauira aliingiza uso ndani ya gogo la pombe lililochongwa shimo na kunusa. Gogo lilikuwa tupu tangu Ijumaa, na kilichobaki humo ni harufu ya machungwa yaliyochacha.

"Ukimaliza kunusa utuambie kama safi," alisema Papa Moetaua. "Ndiyo desturi."

Mzee huyo wa miaka sabini na mbili ndiye mwenye tumunu, kilabu hiki cha pombe ya machungwa. Kibanda kilikuwa chake, benchi za kuzunguka gogo zilikuwa zake, na kifuu cheusi cha kunywea alikirithi kwa babu yake. Konstebo Nooroa, askari pekee wa kisiwa cha Atiu, alikuwa amekaa kwenye benchi kwa starehe ya mtu anayekijua kiti chake. Na kweli alikijua. Ijumaa ile asingekuwa zamu angekuwa mnywaji wa tisa.

Mambo yenyewe hayakuwa marefu. Ijumaa iliyopita, saa kumi na moja jioni, wanaume wanane walikaa hapa wakanywa pombe ya machungwa kutoka gogo moja, kwa kikombe kimoja, mmoja baada ya mwingine. Kabla ya saa moja kupita, Papa Ngametua alikuwa amelala njiani, hatua hamsini kutoka kibandani, amekufa. Wale saba hawakuumwa hata kichwa. Kesho yake Nooroa alikuta kopo la unga mweupe chini ya kitanda cha Teokotai, kijana wa kupika na kuchota pombe hiyo, aliyekuwa na ugomvi wa ardhi na marehemu. Sasa Teokotai alikuwa kituoni, na ndege ya kesho asubuhi ilikuwa imemwekea kiti cha kwenda Rarotonga kushitakiwa kwa kuua kwa sumu. Inspekta aliyemtuma Mii kutoka Rarotonga alikuwa amempa mpaka jioni aone kama kuna la kubadilisha. Alilitamka neno "kama" kwa mkazo.

"Papa, kikombe kilianzia kwa nani?"

"Kwa Ngametua. Yeye ndiye kiongozi wa wagunaji kanisani, wanaume wa sauti nzito wanaoguna kwenye nyimbo, cha kwanza ni chake. Anafunua gogo, anaingiza uso, ananusa, anasema safi. Ndipo anakunywa."

"Na Ijumaa alisema safi?"

"Alikohoa kwanza. Wote tulikohoa siku ile. Tukacheka, tukasema leo kijana katupikia moto."

"Ilinuka nini?"

Mzee alifikiri. "Kama kiberiti kikiwashwa."

"Kwenye maelezo yenu hakuna kiberiti."

"Nooroa hakuniuliza habari za kiberiti."

Konstebo alianza kuyachunguza makuti ya paa.

"Pombe ilipaswa kuwa tayari siku gani?" aliuliza Mii.

"Jumatano. Ikagoma. Haina povu, haina sauti, imekaa tu. Teo akaongeza hamira mara ya pili."

"Gogo mnalisafisha na nini?"

Swali hilo lilimfanya mzee anyooshe mgongo. "Hilo halioshwi. Tangu enzi za babu yangu maji hayajaingia humo. Hamira inaishi ndani ya mti, ukitia maji umeiua. Linafutwa kwa majani, basi. Mwenye kulitia maji hatoki tu kwenye kazi ya kuchota, hatokanyaga hapa tena."

Mii aliandika maneno hayo kama yalivyotoka. "Ngametua alikaa hapo muda wote?"

"Hakai, yule. Kila baada ya vikombe viwili anatoka nje. Tulikuwa tunamwambia, mzee, hicho kibofu umeazima kwa kichanga. Anakaa kidogo, anarudi, anaimba vizuri kuliko alivyotoka."

"Na Ijumaa?"

"Baada ya cha pili alijipapasa hapa." Mzee aligusa mfuko wa shati. "Halafu suruali. Halafu hapa tena. Nikamwambia, tumbaku uliacha siku nyingi, unatafuta nini? Hakucheka. Akaondoka bila kuaga. Tukadhani amechukia utani." Alikigeuza kifuu mkononi. "Hatukumfuata."

Pikipiki ya polisi haikuwa na mafuta, kwa sababu meli ilikuwa haijafika, kwa hiyo Mii alipanda kilima kwa miguu. Nooroa alibaki nyuma kuandika upya maelezo ya mzee, safari hii pamoja na kiberiti. Mii ni mtu wa ofisini, na kilima cha kutoka mabonde ya magimbi kwenda kijijini hakimwonei huruma mtu wa ofisini. Katikati ya njia alimkuta mjane wa marehemu, Mama Tuaine, na furushi la magimbi kichwani.

"Kia orana, Mama. Na msiba huu bado unashuka shambani?"

"Wageni wa msiba wanakula, mwanangu, na magimbi hayaji yenyewe." Alikuwa amepita miaka hamsini, mwembamba, na sauti yake ilikuwa tulivu kana kwamba yuko barazani. "Twende, nikusindikize."

Walipanda pamoja. Mara tatu Mama Tuaine alisimama, akainama na furushi lake kichwani, akarekebisha ndala. Mara tatu hizo Mii alishukuru kimyakimya, maana kila mara pumzi zilikuwa zimemwishia. Waliachana penye barabara ya kanisa, Mii akitoka jasho, Mama Tuaine akiwa mkavu.

Kituo cha polisi ni chumba kimoja na baraza. Kufuli ya mlango wa mahabusu iliharibika siku nyingi, na Mii alimkuta Teokotai nje akifagia uwanja. Alimwingiza ndani, akamkalisha, akaweka kopo mezani.

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Ulikuwa Nyuzilandi miaka mitatu. Ukifanya nini?"

"Kazi ya mvinyo. Kwanza kuchuma zabibu, halafu wakanitia ndani, kwenye mapipa."

"Mwezi Mei, kiwanja cha voliboli, ulimwambia Papa Ngametua, 'Ardhi yetu utaitapika.' Watu ishirini walisikia."

"Nilisema. Lakini nilimaanisha mahakamani."

"Hili kopo la nini?"

Teokotai alitazama sakafu. Siku sita alikuwa ameulizwa swali hilo, na siku sita aliitazama sakafu. Mii hakulirudia. Alifunua kopo, akanusa kwa mbali, na pua ikamchoma.

"Haya, tuache kopo," alisema. "Kuna kosa lingine. Papa Moetaua anasema uliosha gogo kwa maji."

Kijana aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Muongo huyo. Maji sikutia. Hata tone. Namwapia Mungu."

"Gogo lilikuwa safi mno, anasema."

"Safi kwa sababu ya unga, si maji. Kule mapipa tunayasafisha kwa unga huu wa salfa, halafu tunasuuza mara tatu. Hapa nitasuuza vipi? Maji ni mwiko. Nikapaka unga, nikafuta kwa majani, basi. Ningetia maji si ungekuwa umetoka wote."

Alisikia alichokisema. Akafunga mdomo, lakini neno lilikuwa limeshaingia kwenye daftari.

"Ndiyo maana hamira iligoma," alisema Mii taratibu. "Uliiua mwenyewe."

"Niliongeza nyingine ikaamka."

"Na baada ya kuamka?"

"Alhamisi nikatia unga tena, kidogo, isije ikachachuka kabla ya Ijumaa. Kule ndivyo tunavyofanya."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Kipimo cha kule."

"Pipa la kule ni lita ngapi?"

"Mia mbili na ishirini na tano."

"Na gogo la Papa Moetaua?"

Midomo ya kijana ilicheza bila sauti. Gogo halikufika lita arobaini.

"Kwa nini hukusema tangu Jumamosi?"

"Wangenifukuza tumunu. Baba yangu alichota pale, babu yangu alichota pale." Alijifuta uso kwa kiganja. "Halafu siku zikapita, nikaanza kuona ni kweli. Kwamba nimemuua. Usiku silali, Sajini. Nakisikia kikohozi chake."

Mii alimwamini, na kumwamini hakukumsaidia kitu. Mbele ya hakimu, kijana mwenye ugomvi amekiri kutia unga kwenye pombe ya adui yake. Ilibaki kujua kwa nini unga ule ule, kikombe kile kile, uliwaacha saba ukamchukua mmoja.

"Ulijua Papa Ngametua ana tatizo la kifua?"

"Nani? Yule akiguna kwenye wimbo benchi zinatetemeka."

Mii alimpigia simu Daktari Losalini, Mfiji aliyeupasua mwili Rarotonga kabla haujarudishwa kuzikwa Jumanne.

"Sumu hakuna," alisema daktari. "Nimemwambia Inspekta mara mbili. Mapafu yamejaa hewa iliyoshindwa kutoka, na njia zake zimezibwa na makamasi mazito. Ungeniletea bila jina, ningesema huyu kafa kwa pumu. Lakini faili lake halina pumu. Halina hata mafua."

"Unga wa salfa, daktari. Kwenye pombe ya machungwa."

"Ukikutana na uchachu unatoa hewa kali. Mtu mzima wa afya atakohoa, atacheka, ataendelea. Mwenye pumu kifua kinaweza kufunga palepale, hasa akiivuta kwa karibu."

"Aliingiza uso kwenye gogo. Ni desturi."

"Basi alivuta ya kwanza na kali kuliko wote. Na pombe yenyewe, hata bila unga, huwabana baadhi ya wenye pumu. Tena mnywaji wa miaka mingi kifua chake hakijilindi vizuri, makohozi yanakaa ndani. Nipe ushahidi kwamba alikuwa na pumu, nitaandika ajali leo hii. Bila huo naandika 'haijulikani', na Inspekta atalijaza hilo pengo mwenyewe."

Zahanati iko ng'ambo ya barabara. Nesi Tepaeru alikuwa akihesabu bandeji na hakufurahi kukatizwa.

"Ngametua hakuwahi kuja hapa. Alikuwa anajisifu kwamba ataniua kwa kukosa kazi."

"Pampu za bluu za pumu, ni wangapi wanachukua?"

"Daftari la wagonjwa sikuonyeshi."

"Sitaki daftari. Nataka hesabu."

Tepaeru aliupima uso wa Sajini, akaona hautaondoka. "Watatu. Mtoto mmoja wa darasa la pili, bibi mmoja wa miaka themanini na moja, na mtu mwingine."

"Huyo mwingine ni mwanamke, mwembamba, anabeba magimbi kilima kizima bila kuhema."

Nesi aliacha bandeji.

"Umewahi kumsikiliza kifua?" aliuliza Mii.

"Kila nikitaka kumsikiliza anasema leo nafuu. Miaka sita ananiambia leo nafuu. Anakuja kwa baiskeli." Tepaeru alijikuta amekaa. "Mwezi uliopita aliniuliza kama pombe inaleta kifua. Nikamwambia inawabana wengine, ukiwa nacho uache. Akacheka, akasema ataacha. Mama Tuaine, ambaye hajawahi kuonja hata kikombe cha harusi. Na mimi nikacheka naye."

Kaburi la Ngametua lilikuwa mbele ya nyumba, kama makaburi yote ya Atiu, mahali ambapo mtu anaweza kukaa na marehemu wake akimenya chakula. Kokoto nyeupe za matumbawe zilikuwa bado mpya, na mashada ya maua yalikuwa yameanza kunyauka. Mama Tuaine alikuwa ameketi mkekani, kisu mkononi, sufuria ya magimbi ubavuni. Mii alivua viatu, akakaa.

"Kula kwanza," alisema Mama Tuaine.

"Nitakula, Mama. Niulize kwanza. Asubuhi ulisimama mara tatu kurekebisha ndala."

"Njia ina tope."

"Ndala zako ni hizo hapo. Ni za kutumbukiza mguu tu, hazina cha kufunga wala kufungua. Na ulisimama kila nilipoishiwa pumzi. Hukunitazama hata mara moja, lakini ulijua."

Kisu kiliendelea kumenya gimbi moja mpaka mwisho.

"Mguu umezoea," alisema Mama Tuaine. "Mume wangu alikuwa hapendi nimsubiri. Nikimsubiri anakasirika. Kwa hiyo ndala zangu zikawa mbovu."

"Pampu zilikuwa zake."

"Zake. Mwaka wa kwanza aliniapisha kwa Biblia, mkono juu. Alisema, mgunaji mwenye pumu, watanicheka mpaka kisiwa cha Mauke. Agosti timu yetu ya kwaya inakwenda Rarotonga, na yeye ndiye wa mbele. Bila kifua chake mstari wote wa wanaume unaporomoka." Alisema hivyo kwa fahari, na fahari hiyo ilimuuma Mii kuisikia.

"Nitahitaji kitu cha kuonyesha, Mama."

Mjane aliingia ndani, akarudi na bati kubwa la biskuti, lile la mraba, akalifunua. Lilikuwa limejaa pampu za bluu zilizokwisha, zimepangwa kwa safu.

"Kutupa niliogopa. Wanaozoa taka ni watu wa kwaya."

Mii alilitazama bati, na moyo wake ukatulia kidogo. Mtu hawezi kukusudia kuua kwa ugonjwa ambao mke peke yake ndiye aliyeujua. Teokotai asingepanda ndege kesho.

"Ulijua kwamba kijana wa watu yuko kituoni tangu Jumamosi," alisema. "Ukanyamaza."

"Nilijiambia Rarotonga kuna mahakimu, wataona hana kosa, watamrudisha."

"Labda wangemrudisha. Baada ya mwaka, miwili. Kiapo ni kizito kiasi hicho?"

Mama Tuaine alitia mkono kwenye mfuko wa gauni, akatoa pampu nyingine, akaiweka mkekani kati yao. Hii ilikuwa na dawa. Mii aliitikisa na kuisikia.

"Hii ni ya Ijumaa."

"Ilikuwa wapi?"

"Kwangu. Alipokuwa anaoga niliitoa kwenye shati lake." Alikuwa akilitazama kaburi. "Tepaeru aliniambia pombe inambana. Na mimi nilikuwa nasikia, akirudi kutoka tumunu usiku kucha kifua kinapiga filimbi, asubuhi anasema ni mafua. Nikaona, akiikosa pampu ataogopa. Atakunywa kimoja tu, atarudi. Nilikuwa nimempikia rukau ya majani ya magimbi, anavyopenda, na nazi nyingi."

Mii alimkumbuka mzee akigusa mfuko wa shati, kisha suruali, kisha shati tena. Alimhurumia mwanamke huyu kuliko alivyowahi kumhurumia mtu yeyote kazini.

"Kwa unga ule, Mama, labda hata pampu isingetosha."

"Labda," alisema Mama Tuaine. "Na labda ingetosha."

Jogoo alipita juu ya kokoto, mama akamfukuza kwa maganda.

"Nikiandika bati, na miaka sita, na kiapo, kijana anatoka leo," alisema Mii. "Haya ya Ijumaa hakuna aliyeniuliza. Si lazima niyaandike."

"Wewe huna haja nayo. Teo analala?"

Mii alisita. "Halali. Anasema anakisikia kikohozi."

"Basi yaandike. Siku sita anadhani ameyafanya peke yake."

Alisimama, akakung'uta gauni, akalibeba bati kifuani. Mii alimpa kifuniko, lakini hakukipokea. Walitoka hivyo barabarani, bati wazi, saa kumi ya mchana, wakati watu wote wako barazani. Katika nyumba ya kwanza mwanamke alianza kusalimia, akaona ndani ya bati, akanyamaza. Kwenye nyumba ya pili waliketi wanaume wawili wa kwaya. Mmoja alisimama, akavua kofia. Mama Tuaine aliwasalimu wote kwa majina yao na hakupunguza mwendo.

Kituo kiko juu, baada ya kanisa, na mwinuko wa kanisa ni mfupi lakini mkali. Katikati yake Mii alianza kuhema. Alijitahidi pumzi zake zisisikike.

Mbele yake Mama Tuaine alisimama. Aliliweka bati chini, akainama, akaanza kurekebisha ndala.